Maji ya AC

Fundi niliyemharibia jina mjini Kitale hakukosea hata skrubu moja. Naanza na hilo kwa sababu walimu wenzangu wengi walilisikia jambo hili kutoka kinywani mwangu, na walilisikia vibaya. Nilisema kijana wa jua kali aliniulia injini. Injini niliiua mimi.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, injini ya lita mbili, yenye tabo. Watu wa rika langu wanajua ugonjwa huu ulianzia wapi. Mwaka wa 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiendesha Impreza, na mwaka wa 1997 Colin McRae akaja na ya buluu akashinda kabisa. Mtoto aliyekua akisikia hayo kwenye redio hawezi kuota Probox. Nilikuwa mwalimu wa fizikia tayari nilipopata mkopo wa sacco na kununua Impreza iliyokuwa imechoshwa na Wajapani kwanza, kisha na mtu wa Nairobi. Wanafunzi waliujua mngurumo wake kabla halijafika langoni. Mkuu wa shule pia aliujua, lakini yeye hakufurahi.

Mbali na radieta, chini ya boneti ya gari hilo mna vyombo viwili vya maji, na watu huvichanganya. Kimoja ni chupa ya plastiki kando ya radieta. Haina presha, kazi yake ni kupokea maji yaliyozidi na kuyarudisha injini ikipoa. Cha pili ni tangi dogo la chuma lililokaa juu kabisa, karibu na tabo, lenye kifuniko chake cha presha. Hili la pili ndilo lililonitia wazimu. Langu lilikuwa limechubuka rangi na kupata madoa ya kutu ukingoni. Halikuvuja hata tone. Kosa lake lilikuwa sura tu.

Wenye Subaru tuna tabia moja isiyo na maana. Tukikutana Jumapili pahali pa kuoshea magari, boneti hufunguliwa hata kama hakuna kilichoharibika. Mwenzangu mmoja alikuwa ameweka tangi la alumini, limesuguliwa hadi unajiona uso. Mimi nikafungua yangu nikaona kutu. Wiki hiyo hiyo nikaagiza la kwangu kwa simu kutoka kwa muuzaji wa Nairobi, likaja kwa basi likiwa limefungwa kwa karatasi za viputo, na pesa zake zilikuwa za kununulia mbolea.

Nikampelekea fundi wangu. Ni kijana, hajafika miaka thelathini, na alijifunza kazi kwa kushikia wengine tochi. Alilipima lile tangi kwa macho, akalipima kwa mkono, akanionyesha kwamba vishikio vyake havilingani na matundu ya injini.

"Mwalimu, niachie hadi kesho nichomelee bano ya kuliinua. Hili lazima likae juu ya tabo."

Sikutaka kesho. Tena sikutaka likae juu huko nyuma, lijifiche chini ya mabomba. Nilimwonyesha pahali pembeni, kando ya mnara wa shokamzoba, ambapo mtu akifungua boneti ndipo jicho linapoangukia.

"Hapo si itakuwa chini, mwalimu?"

Nikamjibu maneno ninayoyakumbuka yote, kwa bahati mbaya. "Maji yanasukumwa na pampu, si lazima yatoke juu. Hiyo ni fizikia, na mimi ndiye ninayeifundisha."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayehesabu kodi ya kibanda, akachukua spana.

Pampu ya maji huzungushwa na injini. Ukizima injini, pampu nayo imekufa. Tabo haijafa. Ilikuwa ikizungushwa na moshi wa moto wa ekzosi, chuma chake bado kinaunguza, na oili iliyokuwa ikipita ndani imesimama. Waliolitengeneza gari hili walilifikiria jambo hilo, wakaweka tangi juu ya tabo ili maji yanayochemshwa na kile chuma yapande yenyewe hadi kwenye tangi, na maji yaliyopoa kidogo yachukue nafasi yake, pole pole, bila pampu, mpaka chuma kitulie. Maji ya moto hupanda. Tangi likiwa chini ya tabo, hayana pa kupanda. Yatageuka mvuke humo humo ndani, na oili iliyobaki kwenye beringi itaungua iwe masizi.

Sasa aibu yenyewe. Kila mwaka, Kidato cha Kwanza, nilikuwa nikifundisha usafirishaji wa joto, na kila mwaka nilichora ubaoni mfumo wa maji moto wa nyumbani: boila chini, silinda juu yake, tangi la maji baridi juu zaidi, na bomba la kutolea mvuke likipita yote. Nilikuwa nikiwauliza watoto, "Kwa nini silinda haiwezi kukaa chini ya boila?" Walijibu wote kwa pamoja. Walikuwa watoto wa miaka kumi na minne.

Kosa la pili ni vifuniko. Gari hili lina vifuniko viwili vya presha, kimoja kwenye radieta na kimoja kwenye tangi, na vimepigwa chapa ya namba. Cha tangi ni 1.1, cha radieta ni 1.4. Presha ndiyo inayoyazuia maji yasichemke mapema, na kwetu hili si jambo dogo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Sufuria iliyo wazi huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Mombasa ni 100. Ndiyo maana maharagwe ya Kitale hula kuni. Injini yenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi 90 na kitu. Bila kifuniko cha presha, Trans Nzoia nzima ingekuwa imeegesha magari kando ya barabara. Kifuniko cha 1.1 kinasogeza kiwango hicho hadi kukaribia 120.

Lakini kwa nini namba mbili? Kwa sababu kinachotakiwa kufunguka kwanza ni cha tangi. Hewa na mvuke hukusanyika pale juu, basi pale juu ndipo patolewe hewa, iende kwenye chupa ya plastiki. Kile cha radieta kina nguvu zaidi ili kisifunguke kabla ya mwenzake. Fundi aliviweka sawa. Mimi usiku ule, nikilitazama tangi langu jipya kwa taa ya simu, niliona limepewa kifuniko chenye namba ndogo huku radieta kuukuu ikiwa na kubwa. Nikaona ni dharau. Nikavibadilisha. Hakuna aliyenishauri, hakuna aliyeniona. Niliamini kwamba 1.4 ni bora kuliko 1.1 kama vile alama 80 zilivyo bora kuliko 60, mtu mwenye digrii.

Kosa la tatu ni la haraka. Fundi alikuwa ameniambia: maji mapya yakiingia, hewa lazima itoke. Injini iachwe ikinguruma, hita iwe imefunguliwa hadi mwisho, ile skrubu ya plastiki juu ya radieta ilegezwe, maji yaongezwe kidogo kidogo mpaka viputo viishe. Kisha gari lipoe usiku kucha, asubuhi arudie. Nilimwachia afanye ya kwanza. Ya asubuhi sikumpa nafasi, maana asubuhi ile nilikuwa na safari ya Bungoma.

Ilikuwa Agosti, na kila Mbukusu anajua Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili maana yake nini. Mtoto wa dada yangu alikuwa anatahiriwa alfajiri. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye khocha, yaani mjomba wake hasa, alikuwa amechinja jana yake akamvika luliki, ile nyama ya kuvaa shingoni. Sasa ilibaki sisi wajomba na bibi yake kufika kabla hajarudi kutoka mtoni na matope yake mwilini. Tuliondoka Kitale usiku mkubwa, mama nyuma na blanketi, kaka mbele, mimi usukani.

Kabla ya Kiminini mama alisema, "Baba, hii gari yako haina joto?"

Nilifungua hita hadi mwisho. Ikatoa upepo baridi kama wa nje. Hapa ndipo gari liliniambia kila kitu. Hita hupata joto kutoka maji yale yale ya injini. Injini ikiwa moto na hita ikatoa baridi, maana yake ni kwamba maji hayafiki kule, kuna hewa. Somo zima lilikuwa limekaa kwenye ile baridi. Nikaizima hita nikamwambia mama ajifunike vizuri, ni swichi.

Barabara ikanisaidia kudanganya. Kutoka Kitale kupitia Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma iliyo kwenye mita 1,400 hivi, kwa jumla unateremka. Injini haifanyi kazi kubwa, na usiku una baridi. Sindano ya joto ilikaa katikati, imetulia. Nikalipita lori moja baada ya lingine, tabo ikipiga mluzi, na baada ya Webuye nikayapita matrekta ya miwa yaliyokuwa yamelala kando. Kaka aliniambia nipunguze. Nikamwambia gari hili limetengenezwa kwa ajili hii.

Tulifika. Nikazima injini hapo hapo, bila kuiacha ipumue hata dakika moja, nikakimbilia uani. Kijana alisimama, hakupepesa jicho. Nitamwachia yeye ayasimulie yake akiwa mkubwa.

Wakati wa chai mtoto mmoja alikuja akaniambia gari langu linakojoa. Tulikwenda pamoja. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye chupa ya akiba, yameloanisha nyasi, na rangi yake ya kijani ilionekana hata kwenye nyasi za kijani. Wazee wawili walikuwa wakitazama. Nikasema, "Ni maji ya AC."

Maji ya AC hayana rangi. Tena nani anawasha AC usiku wa Agosti, mama yake akitetemeka nyuma? Mzee mmoja aliinama, akachovya kidole, akanusa. Hakusema kitu. Nadhani aliwahi kuwa na gari. Sikufungua boneti, kwa sababu ningeifungua wangekuja wote kutazama, na tangi lile nililonunua litazamwe sikutaka tena litazamwe. Ningeongeza maji pale, kisimani palikuwa hatua chache, labda tungefika Kitale.

Tuliondoka alasiri, na sasa tulikuwa tunapanda. Kaka, mama, mimi, kuku wawili na gunia la mihogo. Baada ya Misikhu sindano ikaanza kupanda. Ikapita katikati. Nikapunguza mwendo, nikajiambia ni mlima tu. Ikapanda tena. Halafu, na hapa naomba msomaji anisikilize kama hasikilizi kingine, ikashuka. Ikaanguka ghafla hadi chini, kwenye baridi, kama gari lililowashwa sasa hivi.

Nikafurahi. Nikasema kwa sauti, "Imepoa." Na nikakanyaga.

Kile kipimajoto hupima maji. Kikizungukwa na maji ya moto, husema ukweli. Maji yakiisha pale kilipo, hakina cha kupima. Injini ilikuwa imekauka sehemu za juu, na mimi nikaichochea. Tulikwenda mwendo mfupi sana. Ikaja harufu tamu ndani ya gari, kisha moshi mweupe nyuma, kisha sauti ya chuma kugonga ambayo sitaki kuieleza. Lilizimika lenyewe kabla ya Kamukuywa.

Nilitoka mbio, nikafungua boneti, nikanyoosha mkono kwenye kifuniko. Kaka yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki, alinishika kifundo cha mkono akakishikilia. "Sufuria ya presha haifunguliwi ikiwa moto," alisema. Ananidai shukrani kwa uso huu. Vijana wa bodaboda walikuwa wamefika tayari, mmoja na jeriken ya maji ya mtoni anataka kumwaga juu ya injini. Kaka akamzuia naye. Mama alikaa kwenye nyasi na kuku wake. Aliniuliza swali moja tu: nani alilishika gari hili mwisho?

Nikasema, "Ni yule kijana wa gereji."

Lilitoka bila kufikiriwa, lakini halikutoka mara moja tu. Nililisema tena kwa mwenye pikapu aliyetuvuta hadi Kitale. Nikalisema kwa fundi wa gereji nyingine nilikopeleka gari, maana kwa yule kijana sikuweza kurudi. Shule zilipofunguliwa nikalisema kwenye chumba cha walimu, na pale nililipamba. Nikasema nilimwonya. Nikasema hawa vijana wa siku hizi hawana shule.

Hasara ilikuwa ifuatayo: hedi zote mbili zimepinda, zikapelekwa Eldoret kunyooshwa kwenye mashine, gasketi zimeungua, beringi za tabo zimekwisha, shafti yake inachezacheza ukiishika kwa vidole. Injini hii imelala, pistoni mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo kufungua hedi ni kuishusha injini nzima. Mkopo wa pili wa sacco ukafuata wa kwanza.

Fundi wa gereji ya pili ni mtu mzima asiyependa maneno. Siku niliyokwenda kulipa aliniwekea vile vifuniko viwili juu ya benchi, namba zikitazama juu, akaniuliza nani aliviweka kinyume. Nikakaa kimya. Akanitazama, akavifunga kwenye kitambaa, akaendelea na kazi. Nilijua kwamba amejua.

Nikakaa na jambo hilo muhula mzima. Huku nyuma walimu wanne au watano waliokuwa wateja wa kijana walikuwa wameacha kwenda kwake. Niliwaona wakiegesha kwingine, nikajiambia kila mtu ana fundi wake. Nilipita njia nyingine kwenda sokoni.

Kilichonitoa si dhamiri peke yake, sitaki kujisifu. Ilikuwa mwaka uliofuata, Kidato cha Kwanza wapya, na nikafika kwenye ule mchoro. Boila, silinda, tangi juu. Msichana mmoja akauliza, "Na likiwekwa chini, nini kitaharibika?" Ni swali zuri, kila mwaka nilikuwa nikilisubiri. Nikashindwa kulijibu mbele yao kwa namna ya kawaida. Nikawaambia gari langu liliharibika. Wakacheka, wakidhani ni mfano.

Nilikwenda kwa kijana Jumamosi. Alikuwa amelala chini ya Probox, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaanza kusema. Akaniomba nimpe spana ya kumi na nne. Nikampa. Nikaendelea kuongea na viatu vyake: tangi, vifuniko, hita, maji ya AC, yote niliyosema chumbani kwa walimu. Alipotoka alikuwa anapangusa mikono, hakuonekana kushangaa.

"Ya vifuniko niliambiwa," alisema. "Kijana wa gereji ile alinipigia siku hiyo hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Mimi ni wa jua kali, wewe ni mwalimu wa fizikia."

Kisha akaingia kibandani, akatoa gunia, na ndani ya gunia lile tangi langu la zamani, na kutu yake. Nilikuwa nimemwachia akauze chuma chakavu. Alikuwa ameliosha na kuziba midomo yake kwa vitambaa lisiingie vumbi. Nikanyoosha mkono kulichukua. Akataja bei. Si bei ya urafiki. Nililipa bila kuomba punguzo, akalifunga pahali pake, juu ya tabo, 1.1 kwenye tangi na 1.4 kwenye radieta, na hewa akaitoa siku mbili mfululizo huku gari likilala kwake.

Jumatatu nilisimama kwenye mkutano wa walimu, kwenye lile fungu la mengineyo, nikasema yote. Palikuwa na kimya, kisha mtu akauliza kuhusu ratiba ya mitihani. Baadhi wamerudi kwa kijana. Mwalimu wa Jiografia bado anapeleka Probox yake kwingine. Nimemfuata mara kadhaa nikamwambia ukweli ni upi. Ananisikiliza hadi mwisho, anasema amenielewa, lakini huko kwingine ameshazoea.